Mshahara, Kiti na Utoro: Kuzuia Malipo ya Wabunge kama Adhabu katika Historia ya Burundi, kutoka Gitega hadi Muyinga

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya adhabu ya kumnyima mtunga sheria malipo yake kwa sababu ya utovu wa nidhamu au utoro, kwa kuitazama Burundi, na hasa Gitega na Muyinga. Yanaanza na maneno ambayo Kirundi na Kiswahili hutumia kumtaja mtunga sheria, malipo yake na kutokuwapo kwake, kisha yanapitia utawala wa kikoloni, mabunge ya baada ya uhuru na mgogoro wa 2007 na 2008. Hoja inayojengwa ni kwamba nchini Burundi adhabu ya mfuko mara nyingi imerukwa na kuiachia nafasi adhabu ya kiti, na kwamba sababu yake ni maana ambayo kutokuwapo bungeni kumekuwa nayo katika siasa za nchi hiyo. Mifano ya Dodoma na Arusha inatumika kwa kulinganisha.

Utangulizi

Tarehe 5 Juni 2008 Mahakama ya Katiba ya Burundi iliamua kwamba wabunge 22 waliokuwa wametengana na chama kilichowapeleka bungeni, CNDD-FDD, walikuwa wanakalia viti vyao kinyume cha katiba. Suala lililokuwa mbele ya mahakama lilikuwa uhalali wa kiti, na fedha zilifuata kiti kama kivuli. Kwa uamuzi mmoja watu hao walipoteza nafasi, kinga ya kibunge na mshahara.

Katika mabunge mengi duniani kuna ngazi ya kati ambayo hapa haikukanyagwa. Ufaransa, ambayo desturi zake za kibunge zimeathiri sana nchi zinazotumia Kifaransa, iliweka tangu 1958 sheria inayokata sehemu ya posho ya kazi ya mbunge asiyeshiriki kura za kutosha: akishiriki chini ya theluthi mbili ya kura za wazi katika mkutano mmoja wa bunge hukatwa theluthi ya posho hiyo, na akishuka chini ya nusu makato huongezeka maradufu. Kanuni za bunge hilo pia huambatanisha karipio rasmi na upotevu wa nusu ya posho kwa muda. Mbunge anabaki mbunge, wapiga kura wake wanabaki na mwakilishi, lakini mfuko unaumia.

Adhabu ya namna hii ina sharti moja ambalo husahaulika kwa urahisi: lazima mbunge awe analipwa. Wabunge wa Uingereza walianza kulipwa na serikali mwaka 1911 tu, kwa kiwango cha pauni 400 kwa mwaka, baada ya madai yaliyokuwa yamesikika tangu vuguvugu la Wachartisti la 1838. Kabla ya hapo ubunge ulikuwa kazi ya wenye mali, na mwenye mali hatishwi kwa kukatwa asichopokea. Hoja iliyowafanya wafanyakazi wa Uingereza kudai mshahara wa wabunge, yaani kumwezesha asiye na shamba wala kiwanda kuingia bungeni, ndiyo hiyo hiyo inayoufanya mshahara huo kuwa kamba ya kumvutia. Asiye na kingine ndiye anayeumizwa zaidi na makato.

Intahe, amateka na umushahara

Kirundi humwita mbunge umushingamateka, na Bunge la Taifa Inama Nshingamateka. Neno hilo limejengwa juu ya kitenzi gushinga, kusimika au kuchomeka ardhini, na amateka, sheria au amri. Umoja wake, iteka, una pia maana ya heshima na utu. Msikilizaji wa Kirundi hawezi kulisikia neno hili bila kusikia nyuma yake neno la zamani zaidi lenye umbo lile lile: umushingantahe, mwenye kusimika intahe, ile fimbo ambayo wazee waamuzi wa vilima walipigapiga nayo chini walipokuwa wakisikiliza mashauri. Mbunge wa kisasa alipewa jina lililokatwa kutoka kitambaa cha mzee wa kilima, na matarajio ya kitambaa hicho yalikuja nalo.

Abashingantahe hawakuwa na mshahara. Walichopata ni pombe ya ndizi au ya mtama iliyoletwa na wenye shauri na kunywewa pamoja, ambayo iliitwa agatutu k'abagabo. Ilikuwa shukrani na ushahidi kwa wakati mmoja, kwa maana walioinywa pamoja walikuwa wameshuhudia kwamba shauri limekwisha. Katika miongo ya karibuni jina hilo limechafuka. Watu wengi hulitumia kwa maana ya hongo, na malalamiko kwamba maskini hushindwa shauri kwa kukosa agatutu yamekuwa hoja ya kisiasa dhidi ya taasisi nzima. Sheria ya komini ya 2005 bado iliwataja abashingantahe pamoja na mabaraza ya vilima yaliyochaguliwa. Ile ya 2010 iliacha kuwataja.

Kwa kuwa hakukuwa na mshahara, adhabu ya mushingantahe aliyepotoka haikuweza kuwa ya mshahara. Aliweza kutozwa pombe, yaani alipe kwa wenzake kile ambacho kwa kawaida angekinywa pamoja nao. Kosa likiwa kubwa, alivuliwa hadhi mbele ya wale wale waliomshuhudia akiapishwa. Kulikuwa na ngazi mbili, na ya kwanza ilikuwa ya kumrudisha mtu kundini. Kwa upande wa watawala, mwami na baganwa walikuwa na kitenzi kingine, kunyaga, kumvua mtu ng'ombe, ardhi na cheo kwa pamoja, kitenzi kinachomkumbusha msomaji wa Kiswahili neno kunyang'anya. Huko hakukuwa na makato. Aliyenyagwa alinyagwa vyote.

Kati ya desturi hizi mbili Kiswahili kilileta neno la tatu. Umushahara wa Kirundi ni mshahara wa Kiswahili, ambao nao asili yake ni Kiarabu, kutokana na neno la mwezi. Ni malipo yanayohesabiwa kwa kalenda, na yaelekea neno hilo lilipanda kutoka pwani pamoja na misafara, askari na makarani. Watu waliolizungumza walikaa katika mitaa ya Waswahili ya Gitega, na huko Muyinga, eneo linalopakana na Tanzania na lenye jamii kubwa ya Waislamu wanaozungumza Kiswahili, lilikuwa neno la soko na la mpaka. Posho nayo ilisafiri njia hiyo hiyo. Hapo mwanzo ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi, na mpagazi asiyetembea siku hiyo hakuwa na hoja ya kuidai. Tofauti hii ndogo, kati ya kinachohesabiwa kwa mwezi na kinachohesabiwa kwa siku ya kuhudhuria, ndiyo ambayo mabunge ya Afrika Mashariki yamekuja kugombania karne moja baadaye.

Neno la mwisho la kuangaliwa ni utoro. Katika Kiswahili cha leo mtoro ni mwanafunzi asiyefika darasani au mfanyakazi asiyefika kazini. Katika historia ya pwani ya karne ya 19 mtoro alikuwa mtumwa aliyekimbia, na watoro walikuwa na vijiji vyao. Lugha inayotumia neno moja kwa mvivu na kwa aliyekimbia kuokoa nafsi yake inamwekea mtunga sera mtego, na historia ya bunge la Burundi imeunasa mtego huo zaidi ya mara moja.

Chifu mwenye mshahara

Wajerumani walihamishia makao ya Residensi ya Urundi Gitega mwaka 1912, na Wabelgiji waliendelea kuutawala mji huo, wakiuandika Kitega, kama kituo cha utawala wa ndani. Muyinga, iliyoandikwa Muhinga katika karatasi za wakati huo, ilikuwa makao ya wilaya ya kaskazini-mashariki. Katika miaka ya mwisho ya 1920 na ya mwanzo ya 1930 Wabelgiji waliunganisha himaya za machifu, wakazipunguza kutoka zaidi ya 130 hadi chini ya 50. Wengi walivuliwa. Waliobaki wakawa, kwa kiasi kikubwa, watumishi wa utawala.

Badiliko lililo muhimu kwa makala haya ni la malipo. Ikoro, ushuru wa mazao na mifugo ambao watu walipeleka kwa wakubwa wao, uligeuzwa hatua kwa hatua kuwa fedha, na mapato ya chifu yakaunganishwa na kodi iliyokusanywa katika eneo lake. Malipo ya namna hiyo yana nidhamu ndani yake. Chifu ambaye vilima vyake havikufikisha kodi hakuhitaji kuitwa Gitega na kusomewa adhabu, kwa sababu mapato yake yalikuwa yamekwisha kupungua. Mkulima wa Muyinga naye aliihisi adhabu ya chifu kabla chifu hajalalamika, kwa kuwa chifu mwenye upungufu aliutafuta vilimani.

Amri ya tarehe 14 Julai 1952 iliunda mabaraza kuanzia ngazi ya machifu wadogo hadi Baraza Kuu la Nchi chini ya mwami, Mwambutsa IV. Hapo ndipo panapoweza kutafutwa mwanzo wa utungaji sheria wa kisasa nchini Burundi, ingawa mamlaka ya baraza hilo yalikuwa zaidi ya ushauri. Wajumbe wake wengi walikuwa machifu na watu mashuhuri ambao riziki yao ilipita mikononi mwa utawala waliotakiwa kuushauri. Haikuwa lazima mtu yeyote atishiwe kukatwa mshahara ili akae kimya.

Viti vitupu

Uchaguzi wa Septemba 1961 uliipa UPRONA viti 58 kati ya 64. Chini ya mwezi mmoja baadaye, tarehe 13 Oktoba, Louis Rwagasore aliuawa. Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai 1962, mji mkuu ukawa Bujumbura, na Gitega ikarudi kuwa mji wa mkoa. Uchaguzi wa Mei 1965 ulileta bunge jipya la wajumbe 33, ambalo halikudumu. Baada ya jaribio la mapinduzi la Oktoba mwaka huo, viongozi wa mabunge yote mawili waliuawa: Émile Bucumi, rais wa Bunge la Taifa, Paul Mirerekano, makamu wake, na Joseph Bamina, rais wa Seneti. Mwaka uliofuata ufalme wenyewe uliondolewa. Bunge la chama kimoja lililochaguliwa 1982 lilivunjwa na mapinduzi ya 1987, na kuhusu nidhamu yake halina mengi ya kusema hapa, kwani chama kilifanya kazi hiyo kabla ya bunge.

Mwaka 1993 FRODEBU ilipata viti 65 kati ya 81. Tarehe 21 Oktoba, pamoja na Rais Melchior Ndadaye, waliuawa rais wa bunge Pontien Karibwami na makamu wake Gilles Bimazubute. Wabunge wengine waliuawa katika miaka iliyofuata, na wengine wakavuka mpaka. Kwa watu wa Muyinga mpaka haukuwa mbali: njia ya Kobero iliwafikisha Ngara. Pierre Buyoya alipochukua madaraka tarehe 25 Julai 1996 alilisimamisha bunge, kisha akalirudisha Septemba mwaka huo huo. Lilirudi likiwa na pengo kubwa. Mwaka 1998, chini ya makubaliano ya mpito, idadi ya wajumbe iliongezwa kufikia 121, na viti vikajazwa tena.

Katika daftari la mahudhurio, mbunge aliyeuawa, aliyekimbilia Tanzania na aliyelala nyumbani kwake Bujumbura wanaweza kuonekana wote kwa alama moja, hadi mtu aandike sababu pembeni. Nani ana haki ya kuandika sababu hiyo pembeni? Kwa nchi nyingi swali hili ni la makarani. Kwa Burundi ya miaka ya 1990 lilikuwa swali la uhai wa bunge lenyewe.

Theluthi mbili

Katiba ya tarehe 18 Machi 2005, iliyotokana na Makubaliano ya Arusha ya Agosti 2000, iliweka kinga dhidi ya kumezwa kwa walio wachache. Bunge la Taifa halikuweza kujadili kihalali bila theluthi mbili ya wajumbe kuwapo, na sheria zilihitaji theluthi mbili ya kura. Sharti hilo, lililokusudiwa kuwalazimisha watu kuzungumza, liliwapa pia silaha ya kutokuja.

Hesabu yake ni nyepesi. Bunge la 2005 lilikuwa na wajumbe 118: CNDD-FDD ilikuwa na 64, FRODEBU 30, UPRONA 15, na waliobaki waligawana vyama vidogo pamoja na wawakilishi 3 wa Batwa. Theluthi mbili ya 118 ni 79 kwa kukamilisha. Wajumbe 40 wakibaki nyumbani, waliobaki ni 78, na hakuna kikao. FRODEBU na UPRONA pamoja walikuwa 45.

Mkutano mkuu wa CNDD-FDD uliofanyika Ngozi Februari 2007 ulimwondoa Hussein Radjabu katika uongozi wa chama. Wabunge 22 waliomuunga mkono au waliotengana na uongozi mpya waliungana kivitendo na upinzani, na CNDD-FDD ikabaki na wajumbe 42 wa kutegemea. Kwa muda mrefu wa 2007 vikao vilikwama, hadi serikali mpya yenye sura ya maridhiano ilipoundwa Novemba. Mwanzoni mwa 2008 mvutano ulirudi. Mwezi Februari wabunge 46 walimwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakiomba ulinzi, na mwezi uliofuata nyumba za baadhi ya wabunge wa upinzani zilirushiwa maguruneti.

Kwa mtazamo wa nidhamu ya kawaida ya bunge, hapa palikuwa na utoro wa waziwazi. Wabunge walikuwa wakilipwa na kodi ya wananchi, na miswada ilikuwa inasubiri. Katiba yenyewe ilikuwa na kifungu cha kutumia: ujumbe wa mbunge au seneta hukoma kwa kifo, kwa kujiuzulu, kwa kutoweza kazi kabisa, au kwa kukosa bila sababu zaidi ya robo ya vikao vya mkutano mmoja. Ni jambo la kutafakari kwamba kilichotumika hatimaye si kifungu hicho. Rais wa bunge, Pie Ntavyohanya, aliipelekea Mahakama ya Katiba swali tofauti, la kama mtu aliyechaguliwa kwa orodha ya chama anaweza kubaki na kiti baada ya kutengana na chama hicho. Mahakama ikajibu kwamba hawezi, na viti 22 vikajazwa kutoka orodha za chama.

Kifungu cha utoro kingewagusa pia FRODEBU na UPRONA, na kingelazimisha mtu kuamua, mbele ya nchi nzima, kama kususia ni sababu halali. Hoja ya orodha ya chama haikuhitaji uamuzi huo. Iliwagusa 22 peke yao, na ilitosha kurudisha akidi. Umoja wa Mabunge Duniani, kupitia kamati yake ya haki za binadamu za wabunge, uliufuatilia uamuzi huo kwa wasiwasi, kwani katiba hiyo hiyo ilisema kwamba mbunge hawi mtumwa wa maagizo na kwamba kura yake ni yake mwenyewe.

Aliyepoteza kiti alipoteza pia kinga. Pasteur Mpawenayo, mmoja wa wale 22, alikamatwa Julai 2008, mwezi mmoja baada ya uamuzi, kwa tuhuma za kushirikiana na Radjabu, na alikaa kizuizini hadi mahakama ilipomwachia huru mwaka 2012. Kwa mshauri wa sera hiki ndicho kipimo cha umbali kati ya ngazi mbili za adhabu. Mshahara uliozuiwa kimakosa unaweza kulipwa pamoja na malimbikizo yake. Miaka karibu minne ya kizuizi hailipwi na hazina yoyote.

Dodoma na Arusha

Haitakuwa haki kudai kwamba adhabu ya mfuko ni salama kwa sababu tu ni ndogo. Jirani wa mashariki wa Muyinga ana ushahidi wa kutosha.

Nchini Tanzania katiba huweka kizingiti cha juu: mbunge hupoteza kiti akikosa Mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika. Chini ya kizingiti hicho kuna posho ya vikao, ambayo imekuwa suala la kisiasa tangu angalau 2011, Zitto Kabwe alipoikataa hadharani. Tundu Lissu, mbunge wa Singida Mashariki, alipigwa risasi nyingi nyumbani kwake Dodoma tarehe 7 Septemba 2017, akatibiwa Nairobi na kisha Ubelgiji. Mapema 2019, alipokuwa ameanza kuzungumza kwenye vyombo vya habari vya nje, iliulizwa bungeni kwa nini anaendelea kulipwa, na Spika Job Ndugai akakubali malipo yake yasimamishwe. Tarehe 28 Juni 2019 Spika alitangaza kwamba kiti chenyewe kiko wazi, kwa sababu ya utoro na ya kutowasilisha tamko la mali. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ilikataa maombi ya kupinga hatua hiyo. Mshahara ulitangulia, kiti kikafuata miezi michache baadaye.

Mei 2020, baada ya wabunge watatu, akiwamo Waziri wa Katiba na Sheria Augustine Mahiga, kufariki ndani ya wiki mbili, mwenyekiti wa CHADEMA Freeman Mbowe aliwataka wabunge wa chama chake wasihudhurie bunge kwa siku 14 kwa kuhofia korona. Spika aliwaamuru warudi au warejeshe posho walizokwisha kulipwa. Hapa Spika alikuwa na hoja yenye nguvu, maana posho ya kikao ni ya kikao, kama ile ya mpagazi. Aliyeitwaa bila kuketi ana deni. Lakini mshahara wa Lissu haukuwa posho. Ulikuwa malipo ya mwezi ya mtu ambaye sababu ya kutokuwapo kwake ilikuwa risasi mwilini. Kuyatia matukio haya mawili katika kapu moja la utoro ni kupoteza tofauti ambayo lugha yenyewe ilikuwa imeihifadhi.

Kenya na Uganda zimechagua kuhesabu vikao moja kwa moja katika katiba zao, vikao 8 kwa Kenya na 15 kwa Uganda, bila ruhusa, na kiti kinapotea. Katika ngazi ya Jumuiya, Bunge la Afrika Mashariki lina wajumbe 9 waliochaguliwa kutoka kila nchi, na akidi yake imekuwa ikihitaji angalau theluthi ya wajumbe wa kila nchi mwanachama. Desemba 2017 wajumbe wa Burundi na Tanzania walikaa nje ya ukumbi wakati wa uchaguzi wa Spika. Uchaguzi ulifanyika hata hivyo tarehe 19 na Martin Ngoga wa Rwanda akashinda. Burundi ilikwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kulalamika kwamba akidi haikutimia, na Divisheni ya Awali ikaitupilia mbali kesi hiyo mwaka 2019. Katika shauri hilo serikali ya Burundi ilisimama upande wa wanaosema kwamba kutokuwapo ni kauli yenye uzito wa kisheria. Mwaka 2007 na 2008, huko Kigobe, chama chake kilikuwa upande wa pili.

Robo ya vikao

Katiba ya 2018 iliondoa sharti la theluthi mbili katika kupitisha sheria za kawaida. Kwa hatua hiyo silaha ya kutokuja ilipoteza sehemu kubwa ya makali yake, na mtu angetarajia kwamba utoro ungeshuka kutoka ngazi ya vita vya kisiasa hadi ngazi ya nidhamu ya kazi, mahali ambapo makato ya posho yanafaa zaidi. Kwa kiasi fulani ndivyo ilivyo. Mbunge asiyefika leo Bujumbura anaweza kuwa amezuiwa na jambo la kawaida kabisa. Tangu 2021 nchi imepita katika uhaba mkali wa mafuta, na barabara kutoka Muyinga kwenda Bujumbura hupitia Ngozi, Kayanza na Bugarama, mwendo wa takriban kilomita 200. Seneti nayo imehamia Gitega, uliotangazwa kuwa mji mkuu wa kisiasa Desemba 2018 na kuthibitishwa kwa sheria Januari 2019, huku Bunge la Taifa likibaki Bujumbura. Njia za Gitega na Muyinga hukutana Bugarama kabla ya kushuka ziwani. Kanuni inayohesabu vikao bila kuhesabu lita za petroli itamwadhibu wa Muyinga kabla ya wa Kigobe.

Ipo njia ya kupunguza hatari hiyo bila kuwaachia watoro halisi. Posho ya kikao ilipwe kwa kuketi, na makato yake yafanywe na sekretarieti kwa kufuata daftari linalochapishwa, pasipo nafasi ya kiongozi wa bunge kuchagua. Mshahara wa mwezi usiguswe ila kwa uamuzi wa kamati ambamo upinzani una sauti, na sababu iandikwe. Ugonjwa, kizuizi, uhamisho unaotokana na vitisho na majeraha ya shambulio vitajwe kwa majina katika kanuni kama sababu halali, visiachwe kwenye hisani ya mtu. Kuhusu kususia, ambalo ndilo fundo lenyewe, busara inaelekea upande wa kuliacha likatwe posho na lisiguse kiti. Anayesusia kwa dhamiri anaweza kuulipia msimamo wake faranga kadhaa, kama mushingantahe alivyotoa pombe, na bado akabaki kundini.

Upinzani dhidi ya pendekezo hili una uzito wake. Januari 2020 bunge lilipopitisha marupurupu ya Rais Pierre Nkurunziza baada ya kustaafu, pamoja na faranga bilioni moja na nyumba, malipo yake ya maisha yote yaliwekwa katika kiwango cha posho ya mbunge. Kiwango kinachofaa kumtunza rais mstaafu ni kikubwa mno machoni pa mkulima wa kahawa, na makato ya sehemu yake yanaweza kuwa ada tu ambayo mtoro tajiri huilipa kwa furaha. Ni kweli. Ndiyo maana kiwango cha makato kinapaswa kupanda kadiri utoro unavyorudiwa, kama wafanyavyo Wafaransa, na ndiyo maana kifungu cha robo ya vikao kinapaswa kubaki nyuma yake kwa asiyejali fedha.

Katika uchaguzi wa tarehe 5 Juni 2025, uliofanyika kwa mikoa mitano mipya badala ya 18 ya zamani, CNDD-FDD ilipata viti vyote 100 vya kuchaguliwa katika Bunge la Taifa. Gitega imebaki jina la mkoa. Muyinga imeingizwa katika Buhumuza, ambao makao yake ni Cankuzo. Hakuna tena chama kingine cha kususia, na akidi haiwezi kuvunjwa na yeyote ila chama chenyewe. Mbunge aliye peke yake, aliyekataa kuketi siku ya kura fulani kwa sababu zake, hana kundi la 40 la kujificha ndani yake. Atakayeamua kama siku hiyo alikuwa mgonjwa, mvivu au mwenye msimamo ni kiongozi wa chama chake mwenyewe, akiwa amekalia kiti cha rais wa bunge na daftari la mahudhurio likiwa mbele yake.